Taa Haivikwi Kitambaa

Nyumbani kwa Mutindi, mjini Voi, hakuna kitu kinachokaa uchi. Makochi yana vitambaa. Redio ina kitambaa. Hata chupa ya chai ina kisketi chake cheupe. Vumbi jekundu la Voi halina adabu, huingia bila hodi, na Mutindi hupambana nalo kwa uzi na sindano ya kufumia.

Mchana huuza mboga sokoni. Jioni hufuma. Mwaka huu alikuwa na kazi kubwa, vitambaa vya makochi ya binti yake Kasyoka, aliyekaribia kuolewa. Lakini macho yake yalikuwa yamechoka. Taa ya sebuleni ilikuwa juu sana, na matundu ya uzi hakuyaona vizuri. Alifuma, akakosea, akafumua.

"Labda nimnunulie tu vya dukani," alisema jioni moja, akiweka sindano chini.

Mumewe, Mwanzia, hakulipenda neno hilo hata kidogo. Alimpenda mkewe, ila mapenzi yake yalikuwa ya mikono kuliko ya mdomo. Alinunua mkanda wa taa za LED. Akaubandika kwenye kipande cha plaiwudi, akauunganisha na adapta ya king'amuzi cha zamani cha televisheni. Taa akaiweka karibu na kiti cha Mutindi.

"Mama Kasyoka, hebu washa."

Mutindi akawasha. Kila tundu likaonekana! Alimkumbatia mzee wa watu mpaka kofia ikamwanguka. Kesho yake akafanya kama afanyavyo kwa kila akipendacho. Aliifumia taa kitambaa, akaivika mgongoni. Adapta nayo ikapata kinguo chake chenye maua.

Furaha haikudumu. Baada ya siku chache, taa ilianza kupepesa. Jioni moja harufu ya plastiki ikajaa sebuleni, na taa ikazimika. Mwanzia akazima swichi ya ukutani, akachomoa adapta. Kile kinguo chenye maua kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia.

"Ingeshika moto hii," Mwanzia akasema kwa huzuni. "Ni mimi na ufundi wangu wa kubahatisha."

Mutindi hakumlaumu. Ila alikunja uzi wake, akauweka kapuni, na Mwanzia aliumia zaidi kwa hilo kuliko kama angegombezwa.

Asubuhi Mwanzia alimwita Shanice, jirani yao anayefundisha umeme katika chuo cha ufundi. Shanice aliugeuza mkanda, akasoma maandishi.

"Mzee, huu mkanda ni wa volti ngapi?"

"Kumi na mbili. Na adapta ni kumi na mbili. Mimi si mjinga, mwanangu."

Shanice akacheka. "Hapo ulipatia kabisa. Volti lazima zilingane. Sasa tuangalie ampea. Mkanda wako wote unatumia wati ishirini na nne. Gawanya kwa volti kumi na mbili."

"Mbili."

"Basi taa inataka ampea mbili. Na adapta imeandikwa moja. Ndiyo maana ilichemka."

"Nitafute ya mbili?"

"Tafuta ya tatu, isifanye kazi ikihema."

Mutindi akaingilia. "Tatu? Si itaunguza taa?"

"Hapana, mama. Ukipika sufuria kubwa, mgeni si anakula anachoshiba tu? Taa huchukua ampea inazohitaji. Volti zikizidi ndipo inaungua."

Kisha Shanice akagonga plaiwudi. "Watu husema LED haina joto. Inalo, tena liko kwa mgongo. Mbao hailitoi. Alumini hulivuta na kulitoa kwa hewa. Uliza fundi wa madirisha, hakosi vipande vilivyobaki. Na adapta ikae mahali pa wazi, mbali na nguo."

"Mbali na nguo?" Mutindi akauliza polepole.

"Mama, vitambaa vyako ni vizuri mno. Lakini hapa ulimfunika blanketi mgonjwa wa homa."

Mwanzia akaangua kicheko. Mutindi akampiga kofi la mapenzi begani, kisha akacheka pia.

"Na vumbi je?"

"Zima, chomoa, ngoja ipoe. Kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Hapo ndipo ilipo kazi ya kitambaa."

Mwanzia alipata adapta ya volti kumi na mbili, ampea tatu. Alinunua mkanda mpya, maana ule wa kwanza ulikuwa umeungua, akaubandika kwenye kipande kipana cha alumini. Shanice alikagua nyaya, kisha wakaiwasha taa saa nzima wakiwa pale pale. Mwanzia akagusa alumini, kisha adapta. Zilikuwa vuguvugu tu. Mutindi akautoa uzi kapuni.

Vitambaa vya Kasyoka vilikamilika kabla ya harusi, vyote vya mkono wa mama yake. Taa haikupepesa tena. Lakini Mutindi kila alipoitazama iko uchi, vidole vilimwasha. Uzi ulikuwa umebaki. Basi akaendelea kufuma, na siku moja akamvika Mwanzia kofia nzito ya uzi mweupe, mpaka masikioni.

"Mama Kasyoka, na hiki kichwa hakihitaji hewa?"

"Hicho hakina umeme."

Mwanzia akatoka kwenda dukani na kofia yake, saa saba mchana, jua la Voi likiwaka. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Hakuivua.