Picha ya Tatu ya Shamba la Mchombe

"Huyu nani?"

Kandida aliitazama picha ikichuruzika maji.

"Nakuuliza wewe, mchumba wangu. Huyu aliyelala chini ya dungu la baba yako la kulindia mpunga ni nani?"

"Jamani Damiani, si kivuli tu hicho?"

Kivuli! Mwaka huo wa 1995 nilikuwa na studio Ifakara, na kazi yangu ilikuwa mwanga na kivuli. Kanisani tulishatangazwa mara mbili, limebaki tangazo la Jumapili ya tatu tufunge ndoa. Kandida akaniachia barua kwa jirani: "Mpenzi, nakwenda Malinyi kumwalika shangazi. Nitarudi Ijumaa. Usinisahau." Nami mjinga wa mapenzi nikapanda basi hadi Mchombe kupiga picha ya shamba la baba yake, niikuze, tuitundike nyumbani kwetu.

Bonde lile lina inda. Ukipima mwanga wa mbinguni, mpunga unatoka mweusi. Ukipima wa mpunga, mawingu yanaungua, yanatoka meupe tupu. Basi nikasimamisha stendi ya kamera juu ya tuta la reli nikapiga tatu: ya mawingu, ya mpunga, na ya vivuli, ambayo niliiachia mwanga nusu sekunde nzima, ili nije kuziunganisha kwenye chumba cha giza.

Katika mbili za kwanza, chini ya dungu palikuwa giza tupu. Katika ya tatu mbingu iliungua yote, ila kivuli kikafunguka. Humo alikaa Kandida na kitenge nilichomnunulia, kichwa cha Adolf mapajani. Adolf, msimamizi wangu wa ndoa! Niliketi sakafuni nikalia kama mtoto.

"Siku hizi Malinyi imehamia Mchombe?"

Akaanza kulia.

"Mliniona pale relini?"

"Tulikuona."

"Na hamkukimbia?"

"Adolf alisema tukitoka juani utatuona. Alisema ulimwambia mwenyewe, kivulini picha haitoi kitu. Tukatulia, hatukutikisika mpaka ulipoondoka."

Ni kweli nilimwambia. Tulikuwa tunakunywa, mimi najisifia ufundi. Mbinu ya picha ya tatu sikumweleza.

"Mngejigeuza kidogo tu, Kandida, mngetoka ukungu nisimjue mtu. Mmetulia kuliko maharusi wote niliowahi kuwapiga."

"Nisamehe, Dami. Shetani alinipitia."

"Alikupitia na baiskeli ya Adolf? Nayo imo, imeegemea nguzo."

Akapiga magoti.

"Nipe niichane. Baba akiiona nimekwisha!"

"Ya kuchana chukua hii ya kwanza. Ina mawingu mazuri sana. Ya tatu naipeleka kwa padre."

Jumapili majina yetu hayakusomwa. Mama yangu alikuwa ameshaloweka mpunga wa pombe ya harusi, akaumwagia kuku.

Ukutani kwangu nimetundika ya pili, ile ya mpunga. Wageni wanaisifu, wanasema bonde limetulia. Hakuna aliyewahi kuuliza lile giza chini ya dungu lina nini. Mimi nakula nikilitazama.