Mbu wa Mchana

Mlinzi alirudi kutoka kazini asubuhi, akavua viatu mlangoni, akapita bila kusalimia. Hakuwa na kiburi. Alikuwa hoi. Usiku kucha alisimama kwenye lango la ghala. Majirani walimpa jina la Popo, kwa sababu wenzake wakiamka, yeye ndiyo kwanza anakwenda kulala.

Lakini siku hizi Popo hakulala. Kila akifumba macho, mbu aliimba sikioni. Akijifunika shuka, joto. Akijifunua, mbu.

"Mbu gani hawa?" alilalamika. "Wenzao wanauma usiku, hawa wanauma mchana kweupe!"

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, miguu ikimwasha. Alikuwa amejaribu mengi. Alichoma majani uani, mama mkwe wake akakohoa mpaka akatoa machozi. Alipanda mchaichai kwenye vyungu, akavipanga chini ya dirisha la chumba cha kulala. Mbu wakazidi.

Asubuhi hiyo mumewe alikaa kitandani, kichwa mikononi.

"Mke wangu, msimamizi amenikuta nimesinzia langoni. Amesema akinikuta tena, sina kazi."

Fundi alirudi kwenye cherehani. Mshono ukaenda kombo. Akaufumua, akaanza upya.

Baadaye alikuja mteja wake, mhudumu wa afya wa mtaa, kujaribu gauni. Alisimama wima, fundi akambana pini kiunoni. Mara, paa! Mhudumu alijipiga mguuni.

"Fundi, unanipima nguo au unalisha mbu?"

Fundi alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Mhudumu akamtazama yule mbu kiganjani.

"Ana madoa meupe miguuni. Huyu ni mbu wa mchana. Anaweza kuleta homa ya dengi. Tena hatoki mbali. Huenda anazaliwa hapa hapa kwenu."

"Kwetu? Ua naufagia kila siku, dada!"

"Naona unavyofagia. Lakini mbu huzaliwa kwenye maji yaliyotulia. Twende tukaangalie."

Walitoka uani. Mhudumu akainua chungu kimoja cha mchaichai. Chini yake palikuwa na kisahani. Ndani ya kisahani mlikuwa na maji, na ndani ya maji vitu vidogo vyeusi vilijikunjakunja.

"Hao ni viluwiluwi, watoto wa mbu," alisema. "Ukiwaacha kama wiki moja, wanaota mabawa."

Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kumbe nawafuga mwenyewe! Tena chini ya dirisha la mume wangu!"

"Wengi hawajui. Mchaichai ukisimama tu kwenye chungu hauwafukuzi mbu. Mwaga maji haya, ujaze mchanga kwenye visahani."

Waliendelea kutafuta. Walikuta maji ndani ya tairi kuukuu, ndani ya kopo, na kwenye mfereji wa bati ulioziba kwa majani. Walimwaga, wakazibua. Kisha wakafika kwenye pipa la maji ya mvua. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Hapa hamgusi! Bomba halitoi maji, mvua yenyewe ya kubahatisha. Nimwage nioge mchanga?"

"Shikamoo, mama," alisema mhudumu. "Hatumwagi. Tunayachuja kwa kitambaa, tunasugua pipa, tunayarudisha, kisha tunafunika."

"Marahaba. Na kusugua kwa nini?"

"Mayai ya mbu hung'ang'ania pembeni, ndani ya pipa. Usiposugua, yanabaki pale. Maji yakiyafikia, yanaanguliwa. Ndiyo maana inafaa kusugua kila wiki."

Mama mkwe alichungulia ndani. Akaona viluwiluwi. Akasogea pembeni polepole.

"Mfuniko ulishapasuka," alisema kwa sauti ya chini.

Fundi aliingia ndani. Alichukua chandarua kilichochakaa, akakata kipande, akakikunja mara mbili ili mashimo yawe madogo. Akakishonea mpira pembeni. Kikalikaa pipa sawasawa.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "hata kofia yangu hainikai hivi."

Hapo wote wakacheka, japo kwa uchovu.

"Na mumeo alale ndani ya chandarua kizima, hata mchana," mhudumu aliongeza akiondoka.

Mbu hawakuisha siku hiyo. Waliokwisha kuota mabawa waliendelea kuuma. Fundi alikaribia kukata tamaa. Lakini aliendelea kumwaga, kusugua na kufunika. Mama mkwe akaenda kwa majirani, akiwaonyesha viluwiluwi ndani ya kikombe. Nao wakasafisha nyua zao. Kidogo kidogo, mbu wakapungua. Popo akaanza kulala mpaka alasiri. Msimamizi hakumkuta tena akisinzia.

Siku moja ya kusugua pipa, fundi alikuwa amechoka sana. Nguo za wateja zilikuwa zimerundikana. Aliinuka kwa shida, akisema moyoni, leo niache tu. Alipofungua mlango wa uani, alimkuta mumewe amekunja suruali, brashi mkononi, amelowa mpaka kifuani.

"Mbona umeamka?" aliuliza.

"Usingizi umenitosha," alisema mumewe. "Nenda ukapumzike wewe."