Sura Iliyotazama Magwagwa

Mwalimu Ombok alikuwa akifunga tai asubuhi alipoona kwamba mtu wa shaba ukutani amegeuka. Jana pua yake ilielekea mlangoni; leo ilielekea dirishani. Akajiambia ni uchovu wa kusahihisha mitihani, akaenda zake shuleni.

Lakini alijua. Mtu aliyekusanya medali na vibao vya shaba miaka mingi hasahau sura inatazama wapi. Sebule yake pale Sironga ilijaa Wazungu wa zamani, majenerali wenye masharubu na mabibi wenye shingo ndefu, wote wakitazama upande kama watu waliokosana na mchongaji. Mwafrika alikuwa mmoja tu: kijana wa Kigusii mwenye sikio lililotogwa, na mwaka 1916 ukingoni. Hakuna mkusanyaji mwenzake aliyekuwa na kitu kama hicho. Namna alivyokipata ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Alikitoa Magwagwa, kwa Mama Drusilla, ajuza Msabato. Kijana yule alikuwa babu wa mumewe. Mzungu mmoja mpima ardhi, aliyejua kusubu shaba, alimtengenezea sura kabla hajachukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani. Hakurudi. Kwa kuwa hapakuwa na maiti ya kuzika, jamaa walikitia kibao ukutani, pua ikielekea lango la boma, ili mwenyewe akija aione njia ya kwao. Kila jioni Mama Drusilla alikiamkia, "Bwairire, sokoro," yaani jioni njema, babu.

Ombok alikiomba, akanyimwa. Akarudi na Biblia. Akamsomea ajuza amri ya sanamu ya kuchonga, taratibu, kwa sauti ya huruma, huku akimwogopesha makusudi.

"Nitakutupia hiki kibao mtoni, Mama, uwe safi," alisema.

Mama Drusilla alilia, kisha akakibandua kwa mikono yake mwenyewe. Ombok akakifunga ndani ya shati, akakileta nyumbani, akakipa mahali pazuri kuliko vyote.

Alasiri ile mvua ilinyesha. Rispa, mkewe, alisimama katikati ya sebule akinusa.

"Baba Pam, hiyo kitu inanuka," alinong'ona. "Inanuka tumbaku na jasho ya mtu."

Ombok akakigeuza kibao kielekee mlangoni. Walipokaa kula, pua ilikuwa imerudi dirishani, upande wa Magwagwa, na chini ya kelele za mvua juu ya mabati wakasikia pumzi, pumzi nzito za mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani, zikipita nyuma ya viti vyao, zikisimama, zikipita tena, mpaka zikafika kwa binti yao Pam na kunyamaza hapo, na yule mtoto, kijiko kikiwa bado mkononi, akageuza kichwa polepole kuelekea dirishani na hakukirudisha tena.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "kuna mtu ananishika kichwa. Anataka nione kwao."

Hospitalini walisema ni misuli. Wazee wa kanisa waliomba mpaka sauti zikawakauka. Shingo ilizidi kujipinda, na uji ukawa haupiti.

"Hilo ni jini," Rispa alisema. "Ulitoa wapi hiyo kitu?"

"Nilipewa," Ombok alijibu. Aibu ilimchoma, maana mtoto alikuwa akifa kwa dhambi ambayo baba yake hakutaka hata kuitaja. Akakibandua kibao, akaenda Magwagwa mbio.

Alimkuta Mama Drusilla ameketi nje na wamama wa kanisa. Hilo hakulitarajia. Alikuwa amejitayarisha kuungama kwa mtu mmoja.

"Mwalimu," ajuza alisema akikiona kibao, "si ulisema utatupa kwa mto?"

Wamama wote wakamtazama. Ulimi ukamwangusha. "Nilitupa, Mama. Mto umerudisha. Watu waliokota."

"Niangalie kwa uso, uniambie hivyo."

Ombok akageuza uso, akaitazama migomba iliyokuwa kando ya nyumba. "Mto umerudisha," alisema.

Mama Drusilla akalia tena, safari hii kwa furaha. "Kumbe Mungu hakukasirika na sisi," akasema, akaingia ndani kukirudisha kibao mahali pake. Simu ya Ombok ikalia. Alikuwa Rispa, akicheka na kulia pamoja: Pam amenyoosha shingo, anadai uji.

Ombok akashusha pumzi, akataka kugeuka amuage ajuza. Shingo ikakataa. Harufu ya tumbaku ikampanda puani, na vidole asivyoviona, vigumu kama vya mtu wa jembe, vikamshika kichwa na kukiacha palepale, kikitazama migomba.

"Mwalimu," Mama Drusilla aliuliza kutoka mlangoni, "mbona huniangalii?"

Wanafunzi wa Sironga husema mwalimu wao ana maringo, hamtazami mtu usoni. Medali zake zote amezigawa. Kila Jumapili huenda Magwagwa na neno moja la kuungama mdomoni, na kila Jumapili ajuza humpokea kwa baraka, humpa ndizi, humwambia kila mgeni kwamba huyu ndiye aliyetumwa na Mungu mtoni. Ombok hunywa chai yake upande upande, akashukuru, akarudi nalo.