Lipu Mbichi ya Chumba cha Nyuma

Msiwasikilize wa mtaa wa pili, wao walisimuliwa. Mimi nilikuwepo, mwiko mkononi, kwa macho yangu haya mawili. Na muulizeni yeyote hapa mtaani Khutsong kama yupo fundi wa lipu anayenifikia.

Ilikuwa Jumanne, jua zuri. Bwana mmoja, Rra Seitshiro, alikuwa anauza nyumba yake, na ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Ardhi ya kwetu ina mapango tumboni. Migodi ilinyonya maji ya chini, na siku ikitaka hufunguka tu. Miaka sita nyuma jiko lake la nje lilizama hivyo, mama yake akiwa ndani anakoroga uji. Hawakumpata. Rra Seitshiro alifukia shimo, akapanda nyasi.

“Wahenga walisema tuzibe ufa,” aliniambia. “Basi ziba. Na mdomo wako pia.”

Akanilipa kabla sijaanza. Nikaziba, lipu ikawa laini kama shavu la mtoto.

Saa sita mchana akaja mnunuzi, mama mmoja, Mma Gaolatlhe, mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kinaingia kwenye nyumba ile, na wajukuu zake wawili ndio wangelala chumba hicho. Akafungua ile karatasi ambayo sheria inamtaka muuzaji ataje ndani yake kasoro anazozijua.

“Rra, hapa wanauliza kama ardhi imewahi kutitia. Umeandika hapana.”

“Hapana ni hapana, mma. Hapa hata panya hawachimbi.”

“Na mama yako mzazi? Mnahama naye?”

“Alishatangulia.”

Chini ya sakafu kukagongwa. Mara moja.

“Nini hicho?” akanong’ona.

“Bomba.”

Upande ule hapakuwa na bomba. Nilijua.

Kukagongwa tena. Harufu ya uji ulioungua sufuriani ikapanda. Mma Gaolatlhe alikuwa ameshainamia karatasi, kalamu imegusa.

Ndipo nikapaza sauti: “Usitie saini! Chini kuna shimo!”

Alitoka mbio bila kugeuka, viatu mkononi. Rra Seitshiro hakusogea. Alikuwa anatazama ukuta wangu. Nami nikatazama.

Lipu ilikuwa inavimba. Taratibu. Kama shuka juu ya mtu anayegeuka usingizini.

Nyumba haijauzwa mpaka leo. Ukutani zimetokeza alama za vidole vitano, zimesukumwa kutoka ndani. Nimezisugua mara tatu. Zinarudi.

Mma Gaolatlhe hunipikia magwinya, maandazi yetu ya huku, kila Ijumaa, kunishukuru. Juzi aliniambia, “Ila siku ile, rra, sauti yako ilikuwa nyembamba, kama ya bibi kizee.”

Nikamjibu ni vumbi la saruji.

Haya, niseme. Yote niliyowaeleza ni kweli, isipokuwa ule ukelele wa kumwonya, ambao nilisema ni wangu. Nilikuwa nimelipwa, nikanyamaza. Sikufungua mdomo.