Meza ya Viungo ya Mjomba Twahiru

Kila asubuhi ya likizo Kudra alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akaongozana na mjomba wake Twahiru hadi soko la Jabe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mikono isiyojua kutulia. Akikuta mlango umefungwa aliufungua. Akikuta umefunguliwa aliufunga. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu angezaliwa na mikono minne, nyumba isingekalika.

Mjomba Twahiru alikuwa dereva wa lori mpaka maradhi ya macho yalipomfanya asione tena. Alihuzunika sana, kisha akajifunza kutembea kwa fimbo, akatoka kutafuta kazi. Hapo ndipo alipokiona cha moto. Kila alipobisha hodi, kabla hajafungua kinywa, watu walimtia sadaka mkononi. Alikwenda kwa muuza nguo kuomba kazi, akapewa ndizi. Alikwenda kwa mwenye duka la baiskeli, akapewa mkate na dua ndefu.

"Nilitoka kutafuta kazi, nimerudi na chakula cha jioni," alimwambia dada yake, mama yake Kudra. "Lakini mi sikuomba chakula."

Mtu wa kwanza kumsikiliza hadi mwisho alikuwa Bi Khadidja, muuza viungo wa Jabe, mwanamke ambaye akinong'ona, soko zima lilijua alichosema.

"Nitakujaribu mpaka Jumamosi," alimwambia. "Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa, tutaagana vizuri. Mi nafanya biashara, sigawi sadaka."

"Maneno hayo ndiyo nilikuwa nayatafuta," Twahiru alijibu.

Viungo viliwekwa katika makopo ya maziwa ya unga, yote ya ukubwa mmoja. Twahiru aliyapanga mwenyewe. Vya chai aliviweka kushoto, vya pilau katikati, na pilipili ya unga akaitenga mwisho kabisa kulia, mkono wa mtu usije ukaifikia kwa bahati mbaya. Mteja akitaja kitu, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye kopo. Alinusa kidogo kuhakikisha, akapima kwa kijiko, akafunga kwenye karatasi. Siku za kwanza kazi ilikwenda vizuri, hata Bi Khadidja akaanza kukaa chini na kunyoosha miguu.

Alhamisi mchana Twahiru alikwenda msikitini kusali. Kudra alibaki akiitazama ile meza, na mikono ikaanza kumwasha. Makopo yalikaa hovyo, alivyoona yeye: kahawia hapa, njano pale, nyekundu peke yake huko mwisho. Akasema moyoni, ngoja nimsaidie mjomba wangu, wateja wajae. Akayapanga upya kwa rangi, nyekundu mbele kushoto, njano katikati, kahawia nyuma. Kisha akachukua chetezo cha Bi Khadidja, akatia makaa na udi, akakiweka katikati ya meza. Moshi ukapanda, meza yote ikanukia kama chumba cha bibi harusi.

"Mashallah, imependeza," alisema Bi Khadidja, akaenda zake kula.

Twahiru aliporudi alisimama kidogo. "Kudra, leo kuna harusi hapa?"

"Apana, mjomba. Ni udi tu, wa kuita wateja."

Hakumwambia habari ya makopo. Alikimbia kutafuta makaa mengine, na alipokuwa huko, akaja Mzee Ilyasi, fundi wa magari, kununua masala ya chai. Twahiru akapeleka mkono kushoto kama kawaida, akanusa, akasikia udi mtupu, akapima vijiko vinne. Ilyasi alitia karatasi mfukoni bila kuifungua. Karakanani kwake kulikuwa na ubishi mkali juu ya mpira, naye akaimwaga karatasi nzima kwenye birika huku akibishana.

Haukupita muda mrefu Ilyasi alirudi sokoni, macho yakimtiririka, ulimi nje, taulo mdomoni, na ile karatasi tupu mkononi. Bi Khadidja alikuwa amekwisha kurudi.

"Khadidja, mi nilikukosea nini?" alilalamika. "Nimeomba masala ya chai, huyu mutu wako kanipa moto."

Bi Khadidja akaikunjua ile karatasi, akaona wekundu uliobaki, akapiga chafya mara tatu. "Sasa Ilyasi, we huna pua?"

"Pua ninayo. Mafua ndiyo yameifunga tangu wiki iliyopita."

Watu walioko karibu walicheka, lakini Bi Khadidja hakucheka. "Twahiru, leo ni chai ya mutu mukubwa. Kesho itakuwa uji wa mutoto. Nitawaambia nini watu?"

Twahiru alipapasa ukingo wa meza. Sauti yake ilishuka. "Mi sijui imekuwaje. Nilichukua kopo lilelile. Pengine walionipa ndizi walikuwa wanasema kweli. Pengine siwezi." Akaanza kuitafuta fimbo yake.

Kudra alikuwa amesimama nyuma yake na makaa. Alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemuuliza, maana kosa lilikwisha kupata mwenyewe. Lakini kumwona mjomba wake akijiona hafai, hilo hakuliweza.

"Si mjomba," alisema, machozi yakimlenga. "Ni mimi. Nimehamisha makopo, nikawasha udi. Nilitaka meza ipendeze."

"Kwa nini hukuniambia?" Twahiru aliuliza.

"Nilifikiri... kwa kuwa huoni, haikuhusu."

Maneno yale yalimuuma Twahiru, na Kudra aliona jinsi yalivyomuuma.

"Na mi niliisifu," Bi Khadidja alisema, safari hii kwa sauti ndogo kweli. "Nina macho mawili mazima, na sikuwaza."

Kudra akanyoosha mkono kuyarudisha makopo. "Acha," alisema Twahiru. "Toa chetezo tu." Akafungua kopo moja moja, akasubiri moshi uishe, akanusa, akalirudisha kila moja mahali pake. Kisha akampimia Ilyasi masala ya chai. Bi Khadidja akachemsha chai palepale, Ilyasi akaionja kwa ncha ya ulimi kama mtu anayepima maji ya kuoga. Akanywa yote. Halafu akavuta pumzi kwa pua, akashtuka, akavuta tena.

"Mafua yamekwenda," alisema. Akatazama huku na huku, akamwinamia Twahiru. "Ile nyekundu, nipimie kijiko kimoja. Mutu asisikie."

Soko zima lilisikia, kwa sababu Bi Khadidja aliangua kicheko. Alipomaliza kucheka alimwita Kudra, akamkalisha karibu.

"Umesema kweli, na kwa kweli hiyo mjomba wako hapotezi kazi," alimwambia. "Lakini sikiliza. Mi nilimupa kazi, we ukamunyima namna ya kuifanya, na nia yako ilikuwa nzuri. Meza hii uliipanga kwa macho yako, na anayeifanyia kazi ni yeye. Ukitaka kumusaidia mutu, muulize kwanza. Jibu analo mwenyewe."

Jumamosi ilipofika, Bi Khadidja alimkabidhi Twahiru ufunguo wa sanduku la viungo, akamwambia Jumatatu asichelewe. Kudra alikuwapo. Kifuniko cha kopo moja kilikuwa kimekaa upande, na mikono ilimwasha vibaya.

"Mjomba, nikusaidie nini?" aliuliza.

Twahiru alifikiri. "Kwa sasa, hakuna."

Basi Kudra akaikalia mikono yake, na hiyo ndiyo ikawa kazi ngumu kuliko zote alizofanya likizo ile.