Sahihi ya Furaha Chini ya Uongo Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nane, mzaliwa wa Buyenzi hapa Bujumbura. Sijaolewa. Nina diploma ya umeme na mitambo, na ukinikuta njiani nimevaa kofia ngumu ya kazi utasema huyo ndiye mwanamke wa mfano. Wengi wamesema hivyo. Picha yangu ilibandikwa ukutani kwenye chuo nilichosoma, na chini yake pakaandikwa kwamba wasichana wanaweza.

Wasomaji wenzangu, ile ni picha ya mwongo. Nimejificha miaka minne, leo naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanitukana... Mkishamaliza, tukaneni.

Baba yangu ni fundi wa magari. Nimekulia kwenye harufu ya mafuta, lakini msidhani nilikatazwa kushika spana kwa kuwa ni mtoto wa kike. Ni mimi mwenyewe niliyekuwa naogopa kucha zangu kuchafuka! Nilikuwa hodari wa hesabu, basi. Nilipopata nafasi chuoni na ufadhili wa wasichana, baba alizunguka mtaa mzima akiwaambia watu kuwa binti yake atakuwa injinia. Muuza mkate aliambiwa. Imamu aliambiwa. Hata watu waliokuwa na ugomvi naye waliambiwa.

Karakana ya chuo ilikuwa na mota chache, kwa hiyo tuligawanywa makundi ya watu wanne, mwaka wa pili na wa tatu tukichanganywa. Na kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeitunga. Msichana akiingia kwenye kundi, kabla hajaweka begi chini, keshapewa kalamu. Yeye ndiye katibu. Wavulana wanafunga nyaya, wanapima, wanakaza skrubu, na yeye amekaa pembeni anaandika ripoti kwa mwandiko mzuri. Alama ni za kundi zima.

Je, nililalamika? Hata siku moja. Nilipenda! Nilikuwa na kalamu za rangi nne na rula ndefu. Nilipata alama za juu kwa kazi ambazo nilizitazama tu kama mtu anayetazama harusi ya jirani.

Nilipokuwa mwaka wa tatu, kundi letu likapata msichana mwingine. Aliitwa Furaha, miaka ishirini, Mkongomani wa Uvira. Familia yake ilikimbia vita na kupanga nyumba Buterere, kule ambako mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Mara nyingi alifika darasani viatu vimelowa, anavivua, anaviweka juani dirishani, anasoma miguu mitupu. Naye alikuwa kwenye ufadhili uleule wa wasichana. Bila ufadhili ule asingekuwa na shule.

Kwetu chuoni mwanafunzi anayeanza karakana hupewa mkubwa wa kumwongoza. Akiwa wa kike anaitwa marraine, yaani mama wa ubatizo. Mimi, Mwislamu wa Buyenzi, nikawa mama wa ubatizo wa Furaha! Tulicheka sana. Akawa ananiita Da Zaina, na nyumbani kwetu mama alimzoea hadi akimkuta mlangoni anauliza kama ameshakula.

Ushauri wangu wa kwanza kwake ulikuwa upi? Nilimwambia awaachie wavulana uchafu wao, yeye achukue kalamu tusaidiane kuandika. Furaha alinitazama akatabasamu.

"Da Zaina, mi sikuvuka mupaka juu ya kuja kuandika."

Mjomba wake alikuwa na mashine za kusaga unga kule Uvira, na yeye alikuwa akimsaidia tangu utoto. Mota alizijua kwa sauti. Wavulana walipomnyima spana alileta ya kwake, imefungwa kwenye kitambaa. Bosco, kiongozi wa kundi letu, alinung'unika wiki mbili, halafu akazoea. Mimi nilimwona mkaidi. Kusema kweli, nilimwonea wivu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo lililonipa kisu mkononi. Kila ripoti ilitakiwa iwe na sahihi za watu wote wanne kwenye ukurasa wa mwisho. Lakini mmoja alikaa Musaga, mwingine Buterere, nani angemkimbiza nani? Basi mwanzo wa muhula kila mtu alitia sahihi kwenye karatasi kadhaa tupu, akamkabidhi katibu. Mimi nikiandika ripoti nyumbani, naambatisha ukurasa wenye sahihi, kazi imekwisha. Makundi yote yalifanya hivyo. Furaha alisita kidogo, akauliza kama ni lazima. Nikamwambia, kwani huniamini? Akatia sahihi.

Muhula ule chuo kilipata mota mpya kwa msaada wa wafadhili. Tukaambiwa Alhamisi watakuja wageni kuangalia wasichana wanaofadhiliwa. Mkuu wa karakana, ambaye sote tulimwita Shefu, akasema safari hii anataka msichana ndiye afunge mota mbele ya wageni, apigwe picha na spana mkononi. Akanichagua mimi kwa kuwa nilikuwa mkubwa na alama zangu zilikuwa za juu.

 Miaka mitatu chuoni sikuwahi kufunga mota hata moja... Ningesemaje? Ningesema hizi alama ni za mwandiko?

Jumatano mchana tukaenda kufanya mazoezi, watu wanne bila Shefu. Bosco aliniuliza kama nataka anisaidie, nikajibu kwa kiburi kuwa sihitaji. Mota ile ilikuwa na njia mbili za kufungwa, nyota na pembetatu, na kwa umeme wa karakana yetu ilitaka nyota. Imeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni mwake. Kwenye mtihani wa karatasi ningekujibuni nikiwa usingizini. Lakini siku ile niliona aibu kuinama na kusoma mbele ya wavulana, nikaifunga pembetatu.

Furaha alinisogelea, akanong'ona ili wengine wasisikie.

"Da Zaina, soma kwanza ile plake ya ubavuni. Nafikiri si vile."

"We ni wa mwaka gani?" nikamjibu kwa sauti, nikawasha.

Mota ilinguruma vibaya. Furaha alikimbilia swichi akazima, lakini moshi ulikuwa umeshatoka. Mota mpya, ambayo haijamaliza hata wiki, iliungua ndani!

Shefu aliingia akifuata harufu. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema ziara ya wageni itaahirishwa, mota ni ya wafadhili, na aliyeiunguza kwa uzembe atafutiwa ufadhili. Kisha akanigeukia mimi, katibu, akataka ripoti mezani kesho asubuhi, ionyeshe nani alifanya nini. Tulipotoka nje Bosco alisema hataki kujua, niandike nitakavyoona, sahihi yake ninayo. Alikuwa kiongozi wa kundi na hakuwa amekagua, naye aliogopa. Furaha aliniwekea mkono begani akasema tutaenda pamoja kwa Shefu kuomba radhi.

Pamoja! Alitaka kubeba nusu ya kosa lisilo lake...

Nyumbani nilikaa na karatasi mbele yangu. Niliwaza baba na mtaa wake mzima. Niliwaza muuza mkate. Halafu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, mistari imenyooka, kwamba mota ilifungwa na mwanafunzi Furaha wa mwaka wa pili, bila ruhusa, licha ya kuonywa na katibu. Hata onyo lake nililiiba nikalifanya langu. Nikaambatisha ukurasa wa mwisho. Sahihi yake ilikuwa ya tatu kutoka juu.

Alipoitwa mbele ya walimu alikana. Shefu akamwonyesha karatasi, akamuuliza sahihi ni ya nani. Akasema ni yake. Wavulana walisema hawakuona vizuri. Mimi nilipoulizwa nilisema ni kama ilivyoandikwa. Dakika chache tu, ufadhili wake ukafutwa, na maisha ya mtu yakawa yamekatwa.

Ijumaa ile alikuja kwetu. Mama alimwekea wali, hakuugusa.

"We ndo marraine yangu," aliniambia. "Sema tu ukweli. Sitakukasirikia."

"Umeshasaini, Furaha."

Hayo ndiyo maneno niliyomjibu. Akamshukuru mama kwa chakula, akaondoka. Sikumwona tena chuoni.

Mnadhani yaliishia hapo? Wiki mbili baadaye Shefu alibandika sheria mpya mlangoni. Kuanzia siku ile msichana hatagusa mota wala swichi bila mvulana kumsimamia, kwa usalama wake. Nilipita chini ya karatasi ile kila siku mpaka nikapata diploma. Sikuthubutu kuinua macho.

Kazi niliipata. Kampuni inatengeneza pampu na jenereta, na mimi naandika ripoti za wanaume wanaozitengeneza. Chuo kikanibandika ukutani, na kila mwaka nikaitwa kuwatia moyo wasichana wapya. Nilikuwa nawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nao wananipigia makofi.

Mwaka jana, baada ya hotuba, binti mmoja wa mwaka wa kwanza alinyoosha mkono. Aliuliza mimi nilijifunzaje kazi, maana wao hawaruhusiwi kugusa kitu. Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kuwa wanaambiwa kuna Mkongomani mmoja aliwaharibia wote, aliunguza mota kwa kiherehere chake. Wenzake wakacheka.  Nilisingizia kichwa kinaniuma, nikatoka, nikaketi kwenye ngazi nikalia kama mtoto.

Nilimtafuta Furaha. Buterere majirani waliniambia nyumba yao ilibomolewa na mafuriko, wamehamia Gasenyi. Nilimkuta anauza unga wa muhogo mbele ya nyumba, mtoto mchanga mgongoni. Alinitambua mara moja. Akanipa kigoda.

Nilimwambia kila kitu, nikaomba msamaha. Alinisikiliza akiendelea kupima unga.

"Mi nilikusamehe zamani, Da Zaina. Ningelibeba ile kitu ningelikufa. Lakini si mi natakiwa kuambiwa. Enda uambie wale wasichana."

Nikaenda. Kwanza nilimwambia baba, maana nilitaka asikie kwangu. Alikuwa chini ya gari. Alitoka, akafuta mikono taratibu.

"Mi nimeunguza mota ngapi katika maisha yangu?" aliniuliza. "Ungeniambia tungecheka. Lakini mutoto wa wenyewe, mukimbizi, alikula kwenye sahani yetu... Hapo sina la kukwambia."

Mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi. Aibu niliyoiogopa haikuwepo kabisa. Niliiumba mwenyewe nikamtolea Furaha kafara.

Chuoni nilisimama mbele ya wasichana wote, Shefu akiwepo, nikasema. Hakuna aliyepiga makofi. Picha yangu ilitolewa ukutani siku hiyohiyo, na ni haki. Chuo kikaandika barua ya kumsafisha Furaha. Nikamwomba Shefu aondoe na ile sheria, kwa kuwa ilijengwa juu ya uongo.

Alinitazama kana kwamba sijaelewa jambo rahisi.

"Awe Zaina, awe Furaha, si ni musichana aliiunguza? Sheria inabaki."

Nilimwambia wavulana walishaunguza vitu vingi, hakuna aliyewawekea sheria. Akasema nimeshasema ya kutosha.

Barua nilimpelekea Furaha kwa mkono wangu. Aliisoma mara mbili. Akauliza jambo moja tu, kama sasa wasichana wanagusa mota. Nikasema hapana, bado. Aliikunja, akaiweka chini ya gunia la unga, akamhudumia mteja aliyekuwa anangoja. Nilimuuliza kama atarudi shule. Alisema hapana, miaka imeshapita, na mtoto anataka kula.

Binti unayesoma haya, ukiwa peke yako kati ya wavulana na wakakupa kalamu kwa upole, wape kalamu yao, chukua spana. Unguza mota, useme, "Ni mimi." Usitie sahihi kwenye karatasi tupu hata kama anayekuomba ni mama yako wa ubatizo. Nanyi mnaowasaidia wasichana, msihesabu waliovaa kofia kwenye picha. Waulizeni wamefunga nini kwa mikono yao.

Na kama kuna mtu ulimtwika kosa lako, nenda leo. Usingoje kama mimi. Furaha amenisamehe, lakini hakurudi shule, na nilipopita chuoni wiki iliyopita karatasi ile ya sheria ilikuwa bado mlangoni.