Kitambaa cha Jumapili ya Portsmouth

Koti la sufu lililonyeshewa lina harufu yake, na mtu aliyekulia Maskati hana sababu ya kuijua. Ilikuwa Juni, mtaa wa Khuwair ya Kusini, joto la kumfanya paka akimbilie uvungu wa gari na huko pia asipate nafuu, na sebule ya Muhsina ikanuka koti bichi. Alinusa mapazia, akanusa zulia, mwisho akapiga magoti kunusa chini ya kochi, mwanamke wa miaka arubaini na tatu, mwenye cheo chake wizarani. Hakuona kitu. Akafukiza udi kama kila Ijumaa, akasema basi, yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Baba yake, Mzee Mahfoudh, alikuwa mbele ya televisheni kwenye kiti cha magurudumu. Kiharusi kilimpiga miezi minane nyuma, kikamlaza upande wa kushoto na kumfunga ulimi. Mkono wa kulia ulibaki na nguvu kidogo, na kwa mkono huo walizungumza. Muhsina alimtia kidole kiganjani. Akikibana mara moja ni hapana, mara mbili ni ndiyo. Chai, baba? Mara mbili. Umechoka? Mara moja. Binadamu huzoea, na wao walizoea.

Ila kitu kimoja Muhsina hakukizoea. Yeye alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Mzee Mahfoudh, na mtu hamwiti mama yake kwa jina. Tangu yumo kwenye nepi baba yake alimwita "mama". Mama njoo ule, mama umechelewa wapi, mama nipe miwani. Hakuwahi kumwita Muhsina hata siku moja, hata akiwa amekasirika. Sasa miezi minane hakuna aliyemwita mama, na Muhsina alikuwa tayari kutoa chochote alisikie neno hilo mara moja tu kabla baba yake hajaondoka duniani.

Kwa hiyo mtaalamu wa matamshi hospitalini aliposema mrudishieni mambo ya ujanani, pengine ulimi utayafuata, Muhsina alijua pa kwenda. Alikwenda kwenye sanduku la bibi.

Ukoo wao ulitoka Unguja mwaka wa mapinduzi, ukapokelewa na mvua ya Portsmouth, Uingereza, vyumba viwili juu ya duka la viatu. Walikaa huko miaka kumi na kidogo mpaka Omani ilipofungua milango ikawaita watu wake. Hadithi za baba zote za huko zilikuwa za Jumapili. Maduka yamefungwa, mvua haikati, watoto hawana pa kwenda, basi ni televisheni tangu ibada ya kanisani ya asubuhi, kipindi cha wakulima, mpira wa jana, filamu ya vita, kwaya za jioni, tamthilia ya nyumba ya matajiri, mpaka upigwe wimbo wa taifa lao na kioo kiwe cheusi. Na katikati ya hapo chai, na mkate wa kukata uliopakwa jemu nyekundu.

Sandukuni, chini kabisa, ilitandikwa karatasi ya gazeti yenye ratiba ya televisheni ya Jumapili moja ya mwaka 1974. Juu yake kilikunjwa kitambaa cheupe alichofuma bibi kwa mkono, cha kufunikia televisheni. Nyumba gani ya watu wetu haikuwa nacho? Muhsina alikesha mtandaoni akitafuta vipindi vinavyofanana na ile ratiba, akavipanga vile vile kwenye flashi moja, na wimbo wa taifa akauweka mwisho. Jumapili huku ni siku ya kazi, kwa hiyo Jumapili ya Portsmouth akaifanya Ijumaa, baada ya sala na chakula cha mchana. Akatia chai, akapaka mkate jemu, akavuta pazia. Kitambaa hakikuwa na pa kukaa, maana televisheni za siku hizi ni nyembamba kama sinia na zinaning'inia ukutani. Akamfunika nacho baba yake magotini.

Ijumaa ya kwanza Mzee Mahfoudh aligeuza shingo kutazama kwaya, na chozi likamshuka. Muhsina alimpigia simu shangazi yake, Bi Nasriya, anayekaa Sib, akamwambia habari za vipindi. Ya mkate na kitambaa hakuyataja, nani anataja mkate? Shangazi akasema Mungu mkarimu.

Ijumaa ya pili ikaja ile harufu.

Ijumaa ya tatu mpira ulikwisha, na kati ya mpira na filamu palikuwa na kiza cha sekunde mbili. Muhsina alikijua kiza hicho, alikipanga mwenyewe. Siku hiyo hakikuondoka. Mle ndani ikasikika sauti ya mwanamke, ya adabu kama ya watangazaji wa zamani, ikasema kwa Kiswahili cha mjini Unguja: "Mvua bado inanyesha. Mkate haujaletwa."

Kweli alikuwa hajaleta mkate. Akakaa na rimoti mkononi, mwili umemsisimka mpaka kwenye nywele, akajiambia ni uchovu wa ofisini. Halafu akainuka akaenda kuupaka. Usimcheke, nawe ungeupaka. Jioni alipoondoa sahani aliona jemu imekuwa nyeupe kama uji, akaigusa kwa ulimi, haina ladha yoyote.

Ijumaa ya nne, katikati ya kwaya, Mzee Mahfoudh alisema, "Muhsina."

Alianguka magotini pale pale akalia. Furaha inaziba masikio, na ya Muhsina ilimziba hata macho, kwa sababu hakutaka kuona kwamba sauti ya baba ilitangulia na midomo ikafuata nyuma kidogo, kama filamu mbovu ambayo maneno yamewahi kabla ya mtu kufungua kinywa. "Muhsina, lete mkate. Muhsina, kaa karibu." Na wakati sauti ikisema, ule mkono wa kulia ulikuwa umeshika kidole chake na kukibana mara moja, ukaachia, ukabana mara moja, ukaachia, mara moja, mara moja, mpaka kidole kikamuuma, naye akajipa moyo kwamba ni mishipa inaamka.

"Shangazi, baba kasema," alinong'ona kwenye simu, kana kwamba akisema kwa nguvu litaharibika.

Ijumaa iliyofuata Bi Nasriya aliwasili alasiri. Alifika mlango wa sebule akasimama, viatu miguuni, mkono puani. Alitazama sahani, akatazama magoti ya kaka yake.

"Nani kakwambia umtilie mkate na jemu?"

"Hapana mtu. Si chai yenu ya Jumapili, shangazi?"

"Na hicho kitambaa, kakifunika nani hapo?"

"Mimi."

Bi Nasriya alimvuta mpaka ukumbini, akasema kwa sauti ya chini. "Nisikilize mwanangu, na usinikate kalima. Mama alikuwa na ruhani wake, kaja naye kutoka Unguja. Kwetu siku yake ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, atiliwe sinia lake na afukiziwe udi. Portsmouth ufukize usiku, majirani si watawaita zimamoto? Mama akamhamishia Jumapili mchana, wenyewe wako kanisani. Halua hakuna, akampa mkate na jemu. Akamkalisha mbele ya televisheni, wallahi, na yeye akaipenda kuliko sisi. Ukipigwa ule wimbo wa mwisho, mama anaifunika televisheni. Popote kilipo kitambaa wimbo unapokwisha, hapo ndipo kiti chake mpaka wiki nyengine."

Muhsina akahesabu. Ijumaa nne. Udi, sinia, televisheni, na kitambaa juu ya baba yake.

"Na mlipohamia huku?"

"Huku Jumapili skuli, Jumapili kazi. Mama akakikunja, akakitia sandukuni, akasema kalala. Hatukumuaga. N'nakwambia kweli, tulimwacha na njaa miaka hamsini."

Kutoka sebuleni ile sauti ikasema taratibu, "Nasriya umezeeka."

Waliingia wameshikana mikono. Kwaya zilikuwa zinaimba. Mzee Mahfoudh alikuwa amekaa wima kuliko alivyowahi kukaa tangu augue.

"Kitambaa kiwekwe juu ya televisheni," Bi Nasriya alinong'ona. "Kabla ya wimbo kwisha. Halafu tutaiteketeza ile flashi, na televisheni itoke humu."

"Ukinihamisha," ikasema sauti, na midomo ya baba ikafuata nyuma yake, "huyu atanyamaza. Hutamsikia tena, Muhsina. Unataka anyamaze?"

Hakutaka. Mungu ndiye anayejua jinsi asivyotaka. Alikaribia kiti, akachuchumaa, akatia kidole kwenye kile kiganja.

"Niite," alisema. "Niite lile jina langu la humu ndani."

"Muhsina."

"Jengine."

"Muhsina wangu. Muhsina mwenye kiti changu."

"Jengine, baba."

Sauti ikanyamaza. Haikulijua, au labda kiumbe kile hakina wa kumwita hivyo. Na kiganja kikabana mara moja, polepole, kwa nguvu zote za mgonjwa, na hapo Muhsina akafahamu kwamba Ijumaa mbili hizi baba yake alikuwa anamwambia hapana, hapana, hapana, na yeye alikuwa anapaka mkate.

Alikinyakua kitambaa.

Kwaya zikakatika nusu ya neno, tamthilia haikuja, ukaja wimbo wa taifa, ambao zamu yake ilikuwa bado zaidi ya saa nzima, na Muhsina akapanda kijibao na kukitupa kitambaa juu ya televisheni, kikateleza, akakirudisha, kikateleza tena, kwa sababu ukingo ule ni mwembamba kama kisu na hauna pa kushika, na nyuma yake shangazi kafumba macho anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti inayotetemeka, na baridi inapanda kutoka sakafuni mpaka pumzi yake mwenyewe akaiona ikitoka mdomoni kama moshi, na mvua ikasikika dirishani katika mji ambao haujanyeshewa tangu msimu uliopita, na kitambaa kikamponyoka mara ya tatu kikamwangukia begani, na hapo hapo ngoma ya mwisho ikapiga na wimbo ukakwisha. Akakivuta upesi, akakibandika kwenye kioo kwa viganja viwili, akabaki hivyo, mikono juu, mpaka shangazi alipofumbua macho.

"Umefunika?"

"Nimefunika," Muhsina alisema.

Chumba kilirudi kuwa na joto. Harufu ilikuwa imeondoka. Mzee Mahfoudh alikuwa ameinamisha kichwa ubavuni kama zamani, anapumua vizuri. Bi Nasriya alimbusu kaka yake kipajini, akasema alhamdulillah, khalas, akaenda kutia udhu maana magharibi ilikuwa inaingia.

Muhsina alipiga magoti mbele ya kiti, akatia kidole kiganjani.

"Baba, ni wewe?"

Mara mbili.

Alikilaza kichwa kwenye mkono ule akalia, na kilio hicho kilikuwa cha kheri. Hatamsikia tena akimwita mama, hilo alilijua sasa, na lilimuuma, lakini yumo, ni yeye, anamjibu. Alipofuta machozi kwa upindo wa shela yake aliona baba hamtazami usoni. Anamtazama begani.

"Kimekwenda zake, baba?"

Kiganja kikabana mara moja.

Muhsina akangoja mbano wa pili. Nje adhana ilianza. Kutoka begani pake mwenyewe, kwenye nguo kavu aliyoifukiza udi asubuhi ile, ilipanda harufu ya koti lililonyeshewa, na kiganja cha baba yake kilikuwa kimefunguka, hakibani mara ya pili.